Sauti Moja ya Watu Watano

Wahenga wetu walituachia methali mbili ambazo ukiziweka chumba kimoja zitagombana. Moja husema, penye wengi hapaharibiki neno. Nyingine husema, manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kwa miaka sita nilifanya kazi chini ya kivuli cha ile ya kwanza, na kama mtu angenikumbusha ile ya pili ningemwona mtu wa fitina. Leo nimestaafu, nina wasaa wa kusoma polepole mambo niliyoyaandika kwa haraka, na naona kwamba methali zote mbili zilisema kweli. Sisi ndio tuliokosea wakati wa kuzitumia.

Jambo ninalotaka kulizungumzia ni ukurasa wa maswali na majibu ambao mimi na wenzangu wanne, wakutubi sote, tuliuendesha tangu mwaka 1996 hadi mwaka 2002 katika jarida dogo lililokuwa likisambazwa kwa wakutubi wa mikoani. Lilikuwa jarida la kurasa kumi na mbili, lililopigwa taipu, likadurufiwa, likabanwa pini na kutiwa katika bahasha. Lilipaswa kutoka mara nne kwa mwaka; lilitoka pale karatasi na stempu zilipopatikana. Mwezi uliopita nilipokuwa nikihamisha kabati niliyakuta matoleo yote kumi na tisa katika jalada moja, yamegeuka rangi ya chai. Nikaketi nikayasoma kama msomaji, si kama mhariri wake. Nilipomaliza nikaona kwamba nina deni.

Wahakiki wetu huhakiki riwaya, tamthiliya na mashairi. Sijapata kumwona mtu akihakiki ukurasa wa maswali na majibu. Hudhaniwa kuwa maandishi ya namna hiyo ni kama ubao wa matangazo: mtu husoma, hupata alichotaka, huenda zake. Lakini ushauri nao ni utungo. Una msimulizi wake, una msomaji anayemfikiria, una mambo unayoyasema na mambo unayoyaficha. Tena una nguvu kuliko riwaya, kwa sababu msomaji wa riwaya hufunga kitabu akabaki na mawazo, lakini msomaji wa ushauri hufunga jarida akanyanyuka kwenda kutenda. Kwa hiyo ni haki maandishi hayo nayo yapimwe, na ni haki zaidi yapimwe na aliyeyaandika.

Kwanza nieleze kwa nini ukurasa huo ulihitajika. Ukutubi, kama kazi yenye chama na jarida lake, si taaluma kongwe sana. Chama cha Wakutubi cha Marekani kilianzishwa mwaka 1876 mjini Philadelphia, na mwaka huohuo wakaanza kutoa jarida lao. Melvil Dewey alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa vyote viwili. Waingereza wakaunda chama chao mwaka 1877. Kwetu Afrika Mashariki, shule ya ukutubi kwa ajili ya eneo zima ilianzishwa Makerere mwaka 1963, na mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya kuunda huduma ya maktaba ya Tanganyika. Jengo la Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam, lilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Tulipoanza ukurasa wetu, basi, taaluma hii kwetu ilikuwa na umri wa mtu mzima mmoja tu. Wazee wa kuulizwa walikuwa wachache, na wengi wao walikaa miji mikubwa.

Mkutubi wa wilayani alikuwa peke yake. Yeye ndiye aliyefungua mlango asubuhi, ndiye aliyefagia, ndiye aliyegonga mhuri, ndiye aliyewanyamazisha watoto na ndiye aliyeandika ripoti ya mwisho wa mwezi. Daktari wa wilaya ana muuguzi wa kushauriana naye. Mwalimu ana walimu wenzake. Mkutubi alikuwa na rafu. Akipata tatizo la kazi aliliwaza akiwa njiani kurudi nyumbani, na kesho yake alilikuta palepale. Ndiyo maana tulipotangaza kwamba maswali yapelekwe kwenye sanduku langu la posta, barua zilianza kuja kabla toleo la pili halijatoka.

Utaratibu wetu ulikuwa huu. Mimi nilikuwa katika maktaba ya ofisi ya serikali. Mmoja wetu alikuwa chuo kikuu, mmoja maktaba ya mkoa, mmoja chuo cha ualimu, na wa tano aliangalia kijimaktaba cha hospitali. Swali likifika nililinakili mara nne, nikawapelekea. Kila mmoja aliandika jibu lake akanirudishia. Kisha mimi, nikiwa nimezungukwa na karatasi tano za mwandiko tofauti, niliketi usiku na kuyasuka majibu hayo kuwa jibu moja, na chini yake niliandika neno moja tu: Wahariri. Tulijivunia neno hilo. Hakuna aliyetaka sifa. Tulisema kwamba jibu ni la wote, na ukiwa na akili za watu watano ndani ya aya moja, huwezi kumpotosha mtu.

Nianze na yaliyokuwa mazuri, maana mhakiki asiyeona zuri hana macho yote mawili. Majibu yetu kuhusu mambo ya mikono ni mazuri mpaka leo. Mtu aliuliza kuhusu mchwa, tukamwambia asiegemeze rafu ukutani, aache nafasi ya kupitisha mkono ili aweze kuona vichuguu vya udongo vinapoanza kupanda, na miguu ya rafu aisimamishe ndani ya makopo yenye mafuta. Mwingine aliuliza namna ya kuunga kurasa zilizochanika, tukamwonya kwamba selotepu ni rafiki wa mwezi mmoja: hugeuka njano, hubanduka, na doa lake halitoki tena. Tukamfundisha kutumia ukanda mwembamba wa karatasi laini na gundi ya wanga. Hapa methali ya kwanza ilitenda kazi sawasawa. Kila mmoja wetu alikuwa amepigana na mchwa. Pale ambapo watano tulikubaliana, tulikubaliana kwa sababu mambo yenyewe ndivyo yalivyokuwa. Mchwa wa Songea hula vitabu kama mchwa wa Tanga.

Lakini si maswali yote ya maktaba ni maswali ya mchwa.

Mwaka 1998 tulipata barua kutoka kwa mkutubi wa mji mmoja wa pwani. Alikuwa akipanga vitabu vyake kwa mfumo wa Dewey, kama alivyofundishwa. Katika mfumo huo, namba 200 hadi 299 ni za dini. Biblia imepewa 220, Ukristo umepewa 230 hadi 280, na dini nyingine zote za ulimwengu zimesongamana katika 290. Uislamu wote, pamoja na Kurani, hadithi, sheria, historia ya madhehebu na maisha ya Mtume, umepewa namba moja tu, 297, na baada ya hapo ni nukta na tarakimu zinazofuatana kama mabehewa ya treni. Mwenzetu huyo alikuwa na vitabu vingi vya Kiislamu na vichache vya Kikristo. Rafu za 230 hadi 280 zilikuwa karibu tupu. Rafu ya 297 ilikuwa imepinda kwa uzito. Migongo ya vitabu vyembamba haikutosha kubeba lebo zake. Akauliza: nifuate mfumo au nifuate rafu zangu?

Tulishindwa kukubaliana. Mwenzetu wa chuo kikuu alisema afuate mfumo, kwa kuwa siku moja orodha za maktaba zote zitaunganishwa na atakayejitungia namba zake atabaki kisiwani. Mwenzetu wa mkoa alisema mfumo wenyewe unatoa ruhusa kwa maktaba kuipa nafasi kubwa zaidi dini inayohitajiwa na wasomaji wake, basi aitumie ruhusa hiyo. Wa chuo cha ualimu alisema swali si la namba, ni la msomaji anayeingia mlangoni: awaulize wao wanatafuta vipi. Wa hospitali alisema apange kwa lugha kwanza, Kiarabu mbali na Kiswahili, kwa sababu ndivyo wasomaji wanavyogawanyika. Mimi nilisema aachane na tarakimu ndefu, zikatwe baada ya nukta mbili au tatu, mambo mengine apange kwa majina ya waandishi.

Nilijaribu kuyasuka majibu hayo kwa usiku mbili, nikashindwa. Toleo lilikuwa linachelewa. Kwa uchovu tu, nikayapiga taipu yote matano kama yalivyo, kila moja na herufi za kwanza za jina la mwenyewe, na juu yake nikaandika kwa aibu kwamba wahariri hawakufikia muafaka.

Nimeusoma ukurasa huo upya, na nasema bila kigugumizi kwamba ni ukurasa bora kuliko yote tuliyowahi kutoa. Msomaji anaona watu watano wanaojua kazi yao wakilizunguka tatizo moja, kila mmoja akiwa amesimama upande wake. Anaona kwamba jibu la mtu wa chuo kikuu ni la mtu mwenye maktaba ya chuo kikuu. Anaweza kujiuliza yeye amesimama upande gani. Barua tulizopata baada ya toleo hilo zilikuwa nyingi kuliko wakati wowote, na hazikuwa za kuuliza. Zilikuwa za kuongezea. Mkutubi mwenyewe aliandika kwamba amechukua kidogo kwa huyu na kidogo kwa yule, na akatueleza alivyofanya. Alikuwa ameshauriwa bila kuamriwa.

Tungekuwa na busara tungejifunza hapo. Badala yake, katika kikao chetu cha mwaka, tuliuita ukurasa huo kuwa ni kushindwa, na tukaapa kwamba hautarudiwa.

Mwaka uliofuata, 1999, ikaja barua nyingine, mwandiko wa mama mmoja mkutubi katika wilaya ya kanda ya Ziwa. Maktaba yake ilikuwa chumba kimoja. Alikuwa amepokea shehena ya vitabu vya msaada na hakuwa na mahali pa kuviweka. Rafu zilikuwa zimejaa vitabu vya zamani vilivyochakaa ambavyo hakuna aliyeviazima. Akauliza: nitajuaje cha kuondoa?

Hili ni swali halali. Maktaba isiyopunguza vitabu hugeuka stoo. S. R. Ranganathan, mkutubi mashuhuri wa Madras, katika kanuni zake tano alizozitoa mwaka 1931, aliifananisha maktaba na kiumbe hai, na kiumbe hai hujivua ya zamani kadiri kinavyokua. Wakutubi wa Kiingereza huiita kazi hiyo kwa jina la palizi, nasi tulilitumia jina hilo. Sasa naona kwamba kosa lilianzia hapo. Katika palizi, mkulima anajua gugu ni lipi na hindi ni lipi, na gugu ling'olewalo leo litaota tena bila kualikwa. Kitabu hakioti tena.

Tulikuwa na mwongozo mmoja maarufu wa kazi hiyo, uitwao CREW, uliotungwa na Joseph Segal na kutolewa Texas mwaka 1976 kwa ajili ya maktaba ndogo na za kati za umma. Nakala yetu ilikuwa ya toleo lililorekebishwa baadaye. Ni mwongozo mzuri, wenye akili. Kwa kila somo hutoa vipimo viwili vya miaka: umri wa kitabu tangu kuchapishwa, na muda tangu kilipoazimwa mara ya mwisho. Miaka hiyo hutofautiana, kwa kuwa kitabu cha tiba huzeeka upesi kuliko kitabu cha historia. Kisha hutaja kasoro sita za kuangaliwa: kwamba kitabu kinapotosha, kimechakaa, kimepitwa na toleo jipya, hakina uzito, hakiwahusu wasomaji wa mahali pale, na ya sita, kwamba chaweza kupatikana kwa urahisi mahali pengine.

Hili hapa ndilo jibu letu, kama lilivyochapwa: "Inashauriwa kwamba vitabu vilivyopita miaka kumi tangu kuchapishwa, na ambavyo havijaazimwa kwa kipindi cha miaka mitatu, viondolewe rafuni, hasa vile vilivyochakaa au kupitwa na wakati. Maktaba yenye vitabu vichache vizuri ni bora kuliko yenye vitabu vingi vibovu. Wahariri."

Tulitazame kama tunavyotazama utungo wowote. Angalia vitenzi. Inashauriwa: na nani? Viondolewe: na nani, viende wapi? Kitenzi cha kutendwa ni kichaka kizuri cha kujifichia, na katika kurasa zetu kumi na tisa nimekihesabu kikijirudia mpaka nikachoka. Inapendekezwa, inaeleweka, imeonekana. Hiyo ndiyo sauti moja ya watu watano: sauti isiyo na koo. Angalia pia kile ambacho hakimo. Hakuna Texas. Hakuna tofauti ya somo na somo. Kasoro sita zimebaki mbili. Na ya sita, ile ya kupatikana mahali pengine, haipo kabisa.

Wala haikusahauliwa. Ninazo karatasi zile za mkono mpaka leo. Mwenzetu wa chuo cha ualimu alikuwa ameandika chini ya jibu lake: "Na kama hakipatikani kwingine?" Nililiona swali hilo. Nikalifuta. Nilitaka jibu liishe kwa uhakika; niliona vibaya mtu auliza swali nasi tumjibu kwa swali. Isitoshe wengine wanne hawakuligusa jambo hilo, na kanuni yetu ilikuwa kwamba kisicho cha wote si cha jarida.

Huko Texas, anayeondoa kitabu anajua kwamba kuna nakala nyingine katika mji wa jirani, na duka la vitabu, na mchapaji anayetoa toleo jipya. Kwetu mambo ni mengine. Vitabu vya Kiswahili vya East African Literature Bureau, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1948 na kusambaratika pamoja na Jumuiya mwaka 1977, vingi havikuchapwa tena. Vijitabu vya kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 vilitolewa kwa ajili ya vikundi vya kusikiliza redio. Kampeni ilipokwisha, na uchapaji ukaisha. Hali kadhalika vitabu vya madarasa ya ngumbaru, vile vya mradi wa kisomo chenye manufaa ulioanza kanda ya Ziwa mwaka 1968 kwa msaada wa UNESCO, vilivyofundisha kusoma na kulima pamba kwa pamoja. Vyote hivyo vilikuwa na zaidi ya miaka kumi. Vyote havikuwa vimeazimwa kwa miaka mitatu. Vyote vilikuwa vimechakaa, kwa kuwa vilitumika. Kwa kipimo chetu, vyote vilikuwa magugu.

Mama yule alifanya kama tulivyomwambia. Mali ya serikali haiondolewi hivihivi, kwa hiyo alikwenda kuomba kibali akiwa na ukurasa wetu mkononi, na kibali kikatoka kwa sababu ya ukurasa huo. Ulikuwa umepigwa taipu, umesema inashauriwa, na umetiwa saini na Wahariri. Masanduku matatu yakauzwa kwa uzito kwa mfanyabiashara wa sokoni, na karatasi zikafungiwa karanga.

Haya nayajua kwa sababu aliandika tena, mwaka 2000. Ni barua fupi, haina lawama hata neno moja. Alisema kwamba bibi mmoja amefika maktaba akiwa na mjukuu wake. Bibi huyo alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, katika darasa la ngumbaru, na alitaka kumwonyesha mjukuu kitabu alichosomea. Alikuwa anakumbuka picha ya jalada. Alisema alikiona hapahapa miaka ya nyuma, rafu ya chini karibu na dirisha. "Nimeulizia mkoani," mama mkutubi aliandika, "hakipo. Bibi amesema atarudi. Nimjibuje?"

Tuliisoma barua hiyo katika kikao. Tulinyamaza kidogo. Kisha tukafanya kile ambacho vikundi vyenye umoja hukifanya. Mmoja alisema tukiichapa tutawavunja moyo wasomaji. Mwingine alisema jibu letu lilikuwa sahihi kitaaluma. Ikaamuliwa kwamba barua isichapwe, bali mimi, kwa niaba ya wote, nimwandikie mama yule faraghani. Nilikubali. Sikumwandikia. Kila nilipoanza, nilijikuta naandika imeonekana na inasikitisha, na nikaiweka kalamu chini.

Nimemwonyesha mmoja wa wale wenzangu wanne maneno haya kabla ya kuyatia kitabuni. Ameniambia kwamba najionea sana. Mtu mmoja naye angeweza kukosea vilevile, amesema. Dawa ni uangalifu, si kuvunja ushirika. Ni hoja ya haki, nami sikuidharau. Kweli, peke yangu ningekosea mara nyingi zaidi. Jibu la mchwa lisingekuwa zuri vile. Lakini peke yangu ningetia jina langu, na mama yule angesema, huyu ni mtu wa maktaba ya ofisi huko mjini, anajua nini kuhusu chumba changu? Angenipima. Wahariri hakuweza kuwapima. Zaidi ya hayo, kosa letu halikutokana na kutojua. Ukweli ulikuwemo ndani ya zile karatasi tano. Watano tulijua kila kitu kilichohitajika. Ni ile aya moja ndiyo iliyokuwa haijui.

Katika baraza la wazee, kila mzee husema lake mbele ya watu kabla ya shauri kukatwa, na anayepinga husikika akipinga. Katika mahakama zetu za rufani, jaji asiyekubaliana na wenzake huandika hukumu yake, nayo huwekwa kwenye kumbukumbu pamoja na ile iliyoshinda. Hakuna anayesema kwamba baraza limevunjika au mahakama imeaibika. Anayefuata nyuma huona njia mbili, na huona kwa nini moja ilichaguliwa. Sisi tulidhani penye wengi maana yake ni kuwa na neno moja. Methali haisemi hivyo. Inasema neno haliharibiki penye wengi, yaani wengi wawepo, waonekane, wasikike. Ukiwasaga wakawa unga mmoja, hawapo tena.

Tena, jibu lisilo na mwenyewe haliwezi kubadili mawazo. Katika toleo moja tulishauri kwamba faini za kuchelewesha vitabu zitozwe bila huruma, hata kwa watoto. Miaka imepita, na maktaba nyingi duniani zimelifikiri upya jambo hilo. Maktaba ya umma ya Chicago iliziondoa faini hizo mwaka 2019. Kama mmoja wetu angekuwa ametia jina lake pale, angeweza kusema katika toleo la baadaye, nilikosea. Wahariri hawakuwahi kusema hivyo hata mara moja. Nimetafuta neno "samahani" katika matoleo yote kumi na tisa. Lipo mara moja, kuhusu kosa la taipu.

Siandiki haya ili vijana waache kushauriana. Leo mkutubi wa wilayani anaweza kumuuliza mwenzake wa mkoa mwingine kwa simu na kujibiwa kabla ya adhuhuri, na hilo ni jema kubwa ambalo sisi na stempu zetu hatukuliota. Ninachowaomba ni hiki tu: mtakaposhauri kwa pamoja, kila mtu aseme amesimama wapi anaposema. Swali la mwenzenu lililobaki bila jibu msilifute kwa ajili ya uzuri wa aya. Na barua ya kwamba ushauri wenu umemdhuru mtu iwe ndiyo ya kwanza kuchapwa.

Ranganathan katika mojawapo ya kanuni zake alisisitiza kwamba hata kitabu kilicholala rafuni kina mtu wake mahali fulani, na kazi ya mkutubi ni kuwakutanisha. Bibi wa kanda ya Ziwa alikuwa mtu wa kitabu kile. Alikuja mwenyewe, kwa miguu yake, na mjukuu mkononi.

Sijui kama mama mkutubi bado anaishi mji ule, au kama kitabu hiki kitamfikia. Lakini alituuliza swali, na swali lake lilifika. Jibu ni hili, na halina Wahariri. Mwambie bibi kwamba kitabu chake kilikuwapo, rafu ya chini karibu na dirisha, kama anavyokumbuka. Mwambie wewe hukukosea, ulifuata ulichoambiwa. Niliyekwambia vibaya ni mimi, nikiwa nimeonywa na mwenzangu, nikalifuta onyo lake. Naomba radhi kwenu wote watatu.